Pivoine za Maman Zawadi

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema kuliko ufunguo. Lango la bustani za Ganshoren, huku Ulaya, lilikuwa bado limefungwa, nami nikasimama nje na viatu vyangu vya ofisini, nikijiuliza kama msimamizi akinikuta pale ataniona mchapakazi au mtu asiyejua kusoma saa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa Lubumbashi mwenye shahada mpya ya kilimo, na kazi niliyoipata ilikuwa hii: msaidizi wa msimamizi wa bustani za kukodi.

Vijana mnaouliza kazi yenyewe ilikuwaje, ilikuwa hivi. Watu wa maghorofani, wasio na hata shubiri ya udongo, walikodi kila mmoja kipande chake, wakalima mboga, matunda na maua. Sisi tulitunza njia, mabomba na uzio, na tulihakikisha hakuna kipande kilichomezwa na magugu. Kila kipande kilipaswa kuwa na bordure, yaani tuta la maua kando ya njia. Msimamizi, mzee Mbelgiji, Mfleming, mwenye masharubu yaliyogeuzwa manjano na tumbaku, aliniambia asubuhi ile ile, "Mboga ni za mwenye kipande. Bordure ni ya wapita njia. Ukilielewa hilo, umeielewa kazi."

Niliona ni kanuni nzuri. Mwezi wa sita ulipoingia, niliona ni nzuri zaidi. Stroberi ziliiva juu ya nyasi kavu tulizozitandika ili tunda lisiguse udongo likaoza. Miti ya cerise, yale matunda madogo mekundu, ilivikwa nyavu ili ndege wasitutangulie. Na kando ya njia zilifunguka pivoine, maua makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, mazito hata mashina yanainama. Watu walitoa viti wakala matunda pale pale, yakiwa bado na joto la jua. Kila aliyenipa moja, nililipokea huku nikiwaza kama mfanyakazi anaruhusiwa.

Pivoine zilizowashinda wote zilikuwa za Maman Zawadi, mama wa Bukavu aliyekaa mtaa wa Schaerbeek na kufanya kazi ya kuogesha na kulisha wazee majumbani mwao. Hakuniacha nipite bila kunionjesha stroberi.

"Monsieur l'ingénieur, unapita bila kula fraise? Diplôme inashibisha?"

Mwaka wangu wa pili, Jumamosi, siku moja kabla ya kamati ya bustani kuwatembeza wageni kutazama bordure, nilimkuta ameshika kisu. Alikuwa amekata pivoine zote. Stroberi zote zilikuwa kwenye beseni.

"Maman! Wageni wanakuja kesho!"

"Na mufu anazikwa leo. Maman Riziki, ule wa kanisani kwetu. Watoto yake wako Uvira, visa walinyimwa. Donc aende bila hata ua moja? Acha kunitolea macho, mon fils. Shika beseni."

Nilishika beseni. Katika tramu alipakata yale maua, na abiria mmoja akainuka kumpisha bila kuombwa. Jeneza lilikuwa la bei ya chini kabisa, lakini lilipofunikwa kwa pivoine hakuna aliyeliona. Baada ya mazishi, waombolezaji walikaa matanga katika chumba kimoja wakapitishiana stroberi, na mtu akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa akicheka.

Jumapili, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, alisimama na wageni wake mbele ya mashina matupu.

"Uharibifu," alisema. "Na dharau."

Kipande cha jirani kilijaa vijisanamu vya plastiki vya vibete vyenye kofia nyekundu. Hivyo havikumuudhi.

Kamati ikamwita Maman Zawadi ili imnyang'anye kipande. Mimi nilikuwa nimekesha nikipanga hoja, ya kwanza ipi, ya pili ipi, na niliposimama nikazisahau zote, nikasema tu kwamba maua yalikwenda kwa maiti.

Mwenyekiti alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionichemsha damu. "Kijana, maua ya mazishi huuzwa dukani."

Kisha akamgeukia. "Bibi, hatutaki ukali. Ahidi tu kwamba hutakata tena bordure, na kipande kitabaki chako."

Maman Zawadi alisimama, mkoba mkononi. Alimjibu kwa Kifaransa, nami naliweka jibu lake kwa lugha yetu.

"Siwezi kuahidi, Président. Siku utakufa wewe, nitakata tena. Zote."

Msimamizi alijikohoza ndani ya masharubu. Mwenyekiti aliiva kama cerise, akapekua karatasi zake. Halafu akasema, "Tuendelee na suala la mabomba."

Kipande kilibaki chake. Hakuna aliyemwomba radhi.

Nje nilimuuliza, kwa sababu nisingelala nisipomuuliza, "Maman, pale ulikuwa unamtisha au unamhurumia?"

"Weye uliona ana muntu wa kumukatia maua?" alisema, akanipita kwenda kumwagilia.

Baadaye nilihamishiwa bustani nyingine, chini ya wasimamizi wengine, hadi nikastaafu. Sasa nina kipande changu, na mwezi wa sita nakaa kwenye kiti nikila stroberi kama wale watu wa zamani. Utamu upo. Hasira nayo ipo. Mwanamke aliyewaogesha wazee wa mji huu aliitwa kikaoni kujieleza kwa nini amempa marehemu maua aliyoyapanda kwa mikono yake, na watu wenye akili zao walikaa kumsikiliza kana kwamba kulikuwa na swali. Kila kijana wa kamati anaposimama mbele ya mashina yaliyokatwa na kuanza kusema habari za uharibifu, naweka bakuli chini na kumwambia aulize kwanza nani amefariki.