Ukanda wa Ngozi Mbichi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ndiyo siku niliyoanza kumpenda mama mkwe wangu. Kabla ya hapo nilikuwa namwogopa tu.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi kule Nyamache, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Shemeji yangu Makori, kijana wa kujua kila kitu, alikata ukanda kwenye ngozi mbichi ya fahali wa harusi yetu, akamfunga nao shingoni Simba, mbwa wa boma. Alikaza kweli kweli, asije akauvua akaenda kula mayai ya jirani. Tukamsifu. Hata mimi nilisema mbwa amependeza kuliko bwana arusi.

Basi mvua ikawa inanyesha kila alasiri, unavyoijua mvua ya kwetu, na asubuhi jua linawaka. Simba akaacha kula. Akawa anakohoa, macho yamemtoka, akinywa maji yanarudi. Watu hawakosi la kusema: amelishwa sumu na mwenye mayai. Makori akachukua rungu aende kwa jirani.

Mama mkwe akamkuta langoni. Alikuwa anatoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni. Alipiga magoti kwenye matope alipolala Simba, akajaribu kupenyeza kidole chini ya ule ukanda, kisiingie. Ngozi mbichi ikilowa hulegea, ikikauka hujikunyata, na Simba alikuwa ananyongwa mbele ya macho yetu sote.

"Nyaboke, nishikie kichwa," akaniambia.

Akapenyeza mpini wa kijiko, taratibu, mbwa akilia naye akimbembeleza kama mtoto. Kisha akakata juu ya kijiko, kisu kisiguse shingo. Ukanda ulipoachia, Simba alivuta pumzi ndefu, nami nikalia, sioni haya kusema.

"Makori, weka rungu chini," akasema mama. "Kesho vaa kaptula yako ya darasa la kwanza, ufunge vifungo vyote, halafu uniambie ni nani amekulisha sumu."

Makori alienda kuchemsha maji ya chumvi ya kuoshea kidonda.

Jamani, mama yule! Sote tulimtazama mbwa siku zile, yeye peke yake ndiye aliyemgusa. Kidonda kilipopona alimnunulia mkanda wa kitambaa, wenye bizimu la kulegeza, pale sokoni Daraja Mbili. Na kila Ijumaa, tukiandaa Sabato, kabla hajanawa mikono, alimwita Simba akampima shingo kwa vidole viwili. Nimewajua watu wengi wema, lakini wema wenye utaratibu kama ule nimeuona kwake tu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Kwa hiyo mfuge mbwa, lakini mkanda wake uache vidole viwili vipite. Mtoto wa mbwa anakua, na mkanda haukui naye. Mpime kila wiki. Ngozi mbichi usimvike kamwe. Usimfunge karibu na ua, akiruka atajinyonga. Na akikataa chakula, mpapase shingo kwanza kabla hujamtafuta mchawi.

Mungu akupe mikono inayopapasa kabla ya kukaza. Akujalie boma ambamo kila anayekutegemea, hata asiyeweza kusema, anapumua.