Droni Juu ya Korongo la Oloipiri

Fisi huanza kumla ng'ombe kwa nyuma. Sikulijua hilo mpaka nilipomwona mmoja akifanya hivyo kwenye kioo cha simu yangu, mdogo kama mdudu, huku ng'ombe akiwa bado amesimama.

Siku hiyo nilikuwa nimeondoka Karatu alfajiri kwa basi la Loliondo, droni nikiwa nimeifunga ndani ya khanga ya dada yangu na kuizika chini kabisa ya begi. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, Mmasai wa Oloipiri, alikuwa amenipigia jana yake. Ng'ombe wanane wa mama yake walikuwa hawajarudi kutoka malishoni. Mama huyo ni mjane, na ukame wa mwaka uliotangulia ulimwachia hao wanane tu, wote majike. Maziwa ya nyumba nzima yalitoka kwao.

"Tumezunguka tangu asubuhi, kaka," aliniambia. "Fisi wa huku hawasubiri mtu. Njoo na kindege chako."

Kurusha droni ndani ya hifadhi ambayo basi hupita ni kosa, na sikuwa na nia ya kuirusha humo. Hata hivyo, kuanzia langoni mpaka tulipouacha ukingo wa kreta nilikuwa nikijiandalia majibu ya maswali ambayo hakuna askari aliyeniuliza. Mama niliyekaa naye kiti kimoja alinitazama, akaniuliza kama naumwa tumbo.

Jambo la kunitia hofu kweli lilikuwa jingine, na sikumwambia rafiki yangu. Droni yenyewe ilikuwa mbovu. Niliinunua kwa dereva mmoja wa watalii, aliyeniapia kwamba ilikuwa imeanguka mara moja tu. Mkono wake wa mbele ulikuwa na ufa, nikauziba kwa gundi. Betri moja kati ya mbili ilikuwa imevimba kama andazi. Hayo niliyazoea, kwa sababu kazi zangu zilikuwa harusi na picha za hoteli, ambako ikigoma unaomba radhi na kuanza upya. Tatizo kubwa lilikuwa programu. Kwa wiki nyingi simu ilinidai nisasishe, nami nikawa nasoma maoni ya wenye droni kama yangu. Waliosasisha walijuta, na wasiosasisha nao walijuta. Nikawa nabonyeza "Baadaye". Siku niliyojipa moyo na kukubali, bando liliisha katikati. Droni ikabaki na programu mpya, rimoti ikabaki na ya zamani, na kila nilipoziwasha pamoja zilinililia bila kuruka. Nilijiambia nitamalizia nikifika. Nilifikiria mara kumi kumpigia rafiki yangu nimweleze, na mara zote kumi niliishia kufikiria atakachosema.

Nilifika saa nane mchana. Rafiki yangu na kaka yake mkubwa walikuwa wananisubiri nje ya boma pamoja na vijana wawili wa rika la kaka huyo, viatu vyao vya matairi vimejaa vumbi la siku mbili. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya boma. Tukapanda wote. Nikaunganisha simu na rimoti, asilimia zikaanza kuhesabu.

"Inafanya nini?" kaka mkubwa akauliza.

"Inajisasisha."

"Ndiyo nini?"

"Inajifunza upya," rafiki yangu akamsaidia.

"Nyie mmesoma chuo miaka mitatu hamna kazi, sasa na kindege nacho kinasoma. Kikihitimu kitakuja kukaa nyumbani kama nyie?"

Wenzake walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sababu asilimia zilikuwa zimefika sitini. Zilipofika tisini na moja zilisimama, kioo kikazima, kikawaka, kikaanza na sifuri.

Hapo hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande. Kaka mkubwa alichuchumaa mbele yangu, fimbo ameilaza magotini.

"Ero," akaniita, kama wanavyomwita kijana, "mama yangu ana ng'ombe wanane. Nikimpelekea saba, nitakuja kwako."

Ilikubali saa kumi na nusu. Nilifunga ile betri nzima, nikairusha, na ndani ya dakika chache tuliwaona. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba kama ningefika nayo ikiwa tayari, tungewaona saa nane. Wote wanane walikuwa mgongo wa pili wa vilima, kwenye ukingo wa korongo refu, wamejikusanya vichwa ndani. Fisi wanne walikuwa wakiwazunguka.

Kaka mkubwa na wenzake waliondoka mbio. Rafiki yangu alibaki ananielekeza, kwa kuwa yeye anaisoma ile ardhi na mimi ninasoma mishale tu. Tulikuwa tunashuka kilima, macho kwenye kioo, fisi mmoja alipomrukia ng'ombe wa nyuma na kuanza kumchana chini ya mkia. Ng'ombe alipiga mateke, akageuka, naye fisi akageuka pamoja naye, meno hayajaachia.

"Washushie kindege hao fisi, wapigie kelele," rafiki yangu akasema. "Ila usiwasogelee ng'ombe."

Niliyasikia maneno yote. Niliishusha, ikavuma, fisi wakatawanyika hatua kama thelathini. Walirudi, nikawafukuza tena. Mara ya tatu walikuja kwa upande wa pili, na njia fupi ya kuwafikia ilipita juu ya migongo ya ng'ombe. Nikapita.

Kwetu Kilimanjaro ng'ombe anafugwa bandani. Tunamkatia majani, tunamletea migomba, anakula hapo na kulala hapo. Unaweza kuwasha mashine ya kukatia majani pembeni ya sikio lake na yeye akaendelea kucheua. Kichwani mwangu ng'ombe ni mnyama anayesimama. Mimi ninayefikiria kila kitu mpaka usingizi unakatika, hilo sikulifikiria hata kidogo.

Ng'ombe walishtuka, wakasukumana kuelekea ukingoni, lakini walikuwa bado hawajakimbia. Ningeiinua juu, yangeisha. Ndipo kioo kikajaa maandishi mekundu: betri imepungua, droni inarudi ilipotoka. Ilibaki zaidi ya robo. Programu ya zamani ilikuwa inauliza kwanza, na kitufe cha kukataa kilikuwa kona ya kushoto. Hii mpya haikuuliza, na kwenye kona ile hapakuwa na kitu. Droni ikageuka yenyewe kutuelekea. Fisi wakarudi. Nilikuwa nabonyeza huku na kule, nikavuta vijiti kwa nguvu zangu zote kinyume na inakokwenda, na ule mkono wenye gundi ukakatika.

Anga, ardhi, anga, ardhi. Ilianguka katikati ya ng'ombe ikipiga kelele kama msumeno. Picha haikukatika mara moja. Droni ililala ubavu ikituonyesha miguu, kwato nyingi, vumbi, halafu hakuna miguu tena. Walikuwa wamekimbilia upande pekee usiokuwa na fisi.

Tulipofika, watano walikuwa wamesimama mbali wakitetemeka, yule aliyechanwa miongoni mwao, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kwato. Watatu walikuwa chini ya korongo. Mmoja alikuwa amekufa, shingo imekunjika chini ya mwili. Wa pili alikuwa amevunjika miguu yote ya mbele na anajaribu kusimama juu ya mifupa. Wa tatu alikuwa hai, na fisi walikuwa wamemfikia kabla yetu. Kaka mkubwa aliteremka akitiririka na mawe, akamtandika fisi wa karibu rungu la taya. Nilisikia taya likiachia. Fisi aliondoka bila kulia, mdomo wake wa chini ukining'inia kama kifuniko, na wengine wakamfuata. Ng'ombe yule wa tatu alikufa wakati tunamtazama.

Kisha kaka mkubwa alipanda hadi nilipokuwa. Fimbo ya kwanza ilinipata sikioni, ya pili nikaikinga kwa mkono wa kushoto, kifundo kikalia kama kuni kavu. Nilianguka. Alipiga mgongo, mbavu, mgongo tena, kwa mpangilio, kama mtu anayepura maharage. Nilikuwa nahesabu, sijui kwa nini, na nikawaza kwamba akifika kumi na tano nitakuwa nimekufa au nitakuwa nimemwelewa.

"Ng'oa nyasi!" rafiki yangu alikuwa anapiga kelele. "Shika nyasi, uinue juu! Nyasi, we Mchaga!"

Kwao aliyeshika nyasi hapigwi. Kwetu pia jani la sale huomba msamaha, ila hubebwa na wazee, baada ya vikao. Hapa nilikuwa na damu mdomoni na ardhi ilikuwa vumbi tupu. Nilikwangua kwa kucha mpaka nikapata shina moja kavu, mizizi na nyuzi tatu, nikaliinua.

Fimbo ilisimama hewani. Alikuwa anahema, na niliona wazi kwamba alitaka kuendelea kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akaishusha.

"Umeshika," akasema. "Basi. Sasa njoo ushike na kichwa."

Tuliteremka. Nilimshika yule aliyevunjika miguu pembe moja kwa mkono mzima, nikaikandamiza nyingine kwa goti. Kaka mkubwa alitafuta kwa kidole shimo la kisogoni, akaingiza kisu. Jicho la ng'ombe lilinitazama mpaka likawa halitazami.

Tulirudi na watano jua likiwa bado juu ya vilima. Mama alikuwa amesimama langoni mwa boma. Wao hawahesabu ng'ombe, wanatazama rangi. Aliwaangalia wakiingia mmoja mmoja, halafu akaendelea kuangalia njia.

Rafiki yangu alifungua mdomo. Kaka yake akamkatiza.

"Huyu ndiye aliyekuwa juu. Yeye ndiye aliyeona. Amwambie yeye."

Nikamwambia. Nilieleza programu, akanisikiliza kidogo, kisha akainua mkono ninyamaze. Aliuliza kwa Kimaa, rafiki yangu akatafsiri huku akitazama chini.

"Yule wa kijivu?"

"Shingo, mama. Hakuteseka."

"Mwekundu mwenye pembe iliyopinda?"

"Alivunjika miguu. Tumemmaliza."

"Na mweusi, mwenye doa tumboni?"

Nilitaka kudanganya. Nikamweleza fisi walivyomfanya.

Ndama walikuwa wamefungiwa tangu ng'ombe walipopotea na walikuwa wanalia kwa njaa. Mama akaingia, akatoka akimburuta mmoja mweusi kwa kamba, akaniwekea kamba ile kwenye mkono wangu mzima.

"Anasema huyu ni mtoto wa yule mweusi," rafiki yangu akatafsiri. "Mshike. Mama atajaribu kumpa ng'ombe mwingine amnyonyeshe. Akikataliwa, utamrudisha na kumleta tena."

Alikataliwa. Jike alimpiga pembe, ndama akadondoka, nikamvuta. Nikamleta tena.