Kiwiko cha Veronika Kwenye Meza ya Baba

Enzi zetu pale Gisenyi, kando ya ziwa, mtu aliyetaka kushinda mchezo ilibidi avumilie kuumia vidole. Nawaambia wenzangu wenye mvi, maana hawa wajukuu wanaumia kidole kimoja tu, kile cha kusugulia simu.

Mchezo wetu uliitwa chapa pacha. Baba alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili, na kila Ijumaa baada ya chakula, kabla hajafungua duka tena, alituachia meza ya kukatia nguo. Tulimwaga vipande vya vitenge vilivyobaki: vya ndege, vya mbegu za boga, vya macho ya ng'ombe. Mmoja alikuwa na kapu la vipande pacha. Anainua kimoja, na sisi tunapiga pacha wake pale mezani, paa! Wa kwanza anakichukua. Wa pili anaangukiwa mkononi na kofi la wa tatu, na hapo hakuna kulia. Waliochora vitenge hawakutuhurumia: mbegu za boga nyekundu na mbegu za boga za damu ya mzee ni vitu viwili, na aliyekosea alichekwa mpaka Ijumaa ya pili.

Bingwa alikuwa kaka yangu Shabani. Alijisifu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe kilikuwa "bon" na "donc" tu. Halafu akaja Veronika. Mama yake alikuwa akiuza samaki wa ziwani mlango kwa mlango, nasi tulikuwa wateja wake wa kila Ijumaa. Alimwacha binti yake kwetu mpaka kapu la samaki liishe. Veronika hakuwa na rafiki mwingine mjini. Ile meza ndiyo ilikuwa siku yake ya kucheza. Siku ya kwanza akamnyang'anya Shabani ndege wote.

Shabani alinyanyua kitambaa, akakinusa kama bwana wa forodha, akaenda kwa baba.

"Baba, iko harufu ya samaki mu vitambaa. Ni ule mutoto wa muke wa samaki."

Baba alikunja uso. Vile vipande alivitumia kushonea mifuko ya nguo za wateja, hivyo havikuwa takataka. Akamwambia Veronika kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Mwanangu, usiguse tena kitambaa na mukono. Wateja watalalamika."

Veronika akatoka. Ijumaa iliyofuata alisimama mlangoni, akitutazama. Aliona pacha kabla yetu sote. Nilimwona midomo ikicheza. Mimi nilikuwa na mikono yangu mezani na sikuweza kushinda hata mbegu moja ya boga, kwa sababu macho yangu yalikuwa mlangoni.

Ijumaa nyingine aliingia bila kuitwa, mikono ameifunga nyuma kama mfungwa.

"Mzee, ulisema nisiguse na mukono," alimwambia baba. "Kiwiko hukusema."

Baba alikuwa na pini mdomoni. Alicheka mpaka tukaogopa atazimeza. "Kiwiko, haya," akasema.

Mungu wangu, kile kiwiko! Kilishuka mezani kama mchi. Shabani alipokwisha kuinua mkono, kipande kilikuwa kimeshabanwa. Akasema kiwiko ni hila. Akasema mwanamke hachezi hivyo. Lakini siku ile vitambaa vilinuka samaki kuliko siku zote.

"Unaona, Baba? Hata kiwiko iko inanuka."

Baba akaweka mkasi. Akamwita Shabani, akanusa vidole vyake. Akanusa vyangu. Kisha, polepole, akanusa vya kwake mwenyewe. Sote tulikuwa tumetoka kula ugali na samaki wa mama Veronika, kwa vidole vitano kila mtu, tukajipangusa kwenye shati na kukimbilia mezani. Mtu pekee ambaye hakuwa amekula samaki siku ile alikuwa Veronika. Kwao waliuza, hawakubakiza.

Baba aliinuka. Alileta beseni na sabuni, akanawa wa kwanza, akamwambia Shabani anawe mara mbili. Kisha akamwambia Veronika: "Mwanangu, cheza na mikono."

"Hapana, Mzee," alijibu. "Ile mikono mulisema inanuka." Akaendelea kutushinda kwa kiwiko mpaka alipoolewa, na Shabani alimwogopa hadi uzee.

Sasa nina mjukuu wa kike anayejiita bingwa. Anacheza mchezo wa kulinganisha picha kwenye simu, peke yake kitandani, hanawi, hata shuka hakunji. Anasema anashindana na watu wa dunia nzima. Juzi nilimsikia akiguna.

"Nini tena?"

"Kuna mmoja alikuwa ananishinda sana, Bibi. Nimemtoa."

Sisi pia tulimtoa mtu. Nikamuuliza, "Sasa amesimama wapi?"

Aliniangalia kana kwamba nimeanza kuchanganyikiwa. "Hasimami popote, Bibi. Haonekani tena."

Nikawaza mlango wa duka la baba, ambao haukuwa na kitufe cha kumfanya mtu asionekane. Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza mchezo mwingine, na alikuwa anashinda.