Kiuno cha Baba

Muuza bunduki ndiye aliyetuambia tukumbatiane. Alisema hivyo kwa Kiingereza cha kusini mwa Marekani, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mume ataivaa bastola kiunoni, atateremsha shati, kisha mke amkumbatie. Mke asipoihisi, hakuna mtu mwingine atakayeihisi. Akasimama nyuma ya kaunta yake ya vioo, mikono kifuani, akatungoja.

Mume wangu akanitazama, nami nikatazama sakafu. Sisi ni watu wa bara, Kenya. Tumelelewa na wazazi ambao hatukuwahi kuwaona wakishikana mikono, sembuse kukumbatiana mbele ya mzungu wasiyemjua, katika duka lenye vichwa vya wanyama ukutani. Siku ya harusi yetu mchungaji alipomruhusu anibusu, alinigusa shavuni upesi upesi kama anayebandika stempu, na kanisa zima likacheka. Na huyo muuza bunduki hakujua jambo la pili, kwamba mume wangu hakuwa amenigusa tangu alipoibiwa.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuwa akiendesha teksi Alexandria, upande wa Virginia, nami nikihudumia wazee katika nyumba ya wagonjwa. Tulikuwa tumeipata kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa Marekani, kwa bahati nasibu na tukadhani taabu zimekwisha. Abiria mmoja, kijana aliyevaa vizuri na kumsalimu vizuri, alimwelekeza hadi nyuma ya jengo lisilo na watu, akamwekea bastola kisogoni, akamtoa nje na kumpigisha magoti. Alichukua pesa, akamvua na pete ya ndoa. Mume wangu akabaki amepiga magoti pale kwenye lami, mvua inamnyeshea, hajui kama kijana ameshaenda au bado amesimama nyuma yake. Alinisimulia mara moja tu, tena akiwa amenipa mgongo.

Baada ya hapo hakuguswa. Ukimwekea mkono begani bila kutangaza, anaruka. Nilijifunza kukohoa kabla ya kuingia jikoni mwangu mwenyewe. Kitandani aligeukia ukuta, na nikisogea, yeye husogea zaidi, mpaka nikahofia ataingia ndani ya ule ukuta. Mimi si mwanamke wa kulialia. Nilijikaza kisabuni, nikapika, nikaenda kazini kuwageuza wazee wa watu, na kila mzee niliyemwinua kitandani alinishika shingoni kwa nguvu kuliko mume wangu.

Kwa hiyo aliposema anataka bastola, sikubisha. Rafiki yangu wa Temple Hills aliniuliza kama nimerukwa na akili, kuruhusu kitu kama hicho katika nyumba yenye mtoto. Nilimwambia ni usalama. Uongo. Nilichotaka ni mume wangu anirudie, basi. Nilijiambia kwamba akiwa na kitu cha kumlinda, atalala tena uso wake ukiwa upande wangu. Akasoma darasa la usalama, mahakama ikampa kibali cha kubeba silaha iliyofichwa, na Jumamosi moja mchana tukaenda dukani.

Ya kwanza ilikuwa bastola fupi nene. Muuzaji alihakikisha haina risasi, akamwonyesha jinsi ya kuichomeka katika ala ya ngozi, ndani ya suruali, upande wa kulia. Mume wangu akateremsha shati. Tukasogeleana kama watu wawili wanaotaka kuhamisha kabati. Mikono yake ikanizunguka kwa juu juu, na kile chuma kikanigonga kwenye nyonga.

"Umeifeel?" akaniuliza.

"Nimeifeel."

Hiyo ilikuwa kweli. Muuzaji akaitoa, akaleta ya risasi tano, yenye gurudumu la kuzunguka. Alisema haina mambo mengi, haikwami, lakini gurudumu lake linavimba. Tukakumbatiana tena. Safari hii mume wangu alisimama karibu zaidi, kidevu chake kikatua juu ya kitambaa changu cha kichwa. Alikuwa na harufu ya sabuni yetu na ya kiti cha teksi. Nilisikia moyo wake ukienda mbio. Kusema kweli sikuhisi chuma chochote. Hata kama angekuwa na mzinga sijui kama ningeuhisi.

"Je?"

"Nimeifeel," nikasema.

Wakabadilisha ala, wakaisogeza nyuma kidogo ya nyonga. Nikasema bado naihisi. Muuzaji akaleta nyingine yenye kitako kifupi, nikasema hiyo ndiyo mbaya kabisa. Mzungu akacheka, akasema mama huyu angefaa kufanya kazi forodhani. Mimi sikucheka. Kila nilipotaja kasoro, mume wangu alirudi mikononi mwangu, na kila aliporudi alikuwa amelegea kidogo kuliko awali. Nilikuwa mwanamke mtu mzima, mama wa mtoto, ninaiba kumbatio la mume wangu mwenyewe katika duka la bunduki. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu baadaye furaha ya aina hiyo sikuipata tena.

Ya mwisho ilikuwa nyembamba kama kitabu cha nyimbo, nyeusi, nyepesi. Alinishika kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza sikioni, "Mama, tumalize. Watu wanatuangalia."

Nikamwambia sihisi kitu. Ndiyo tuliyonunua.

Sikujua kwamba nisipoihisi mimi haisaidii. Yeye aliihisi. Aliihisi akila, akiendesha gari, akifunga kamba za viatu. Aliivaa asubuhi kabla ya kupiga mswaki na kuivua wakati wa kulala, akaifungia kwenye kasha la chuma kando ya kitanda. Kutwa nzima alitembea akiwa amekinga upande mmoja wa kiuno, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Watu walipokuja kumsalimu aliwapa mkono kutoka mbali. Mimi alinipa bega la kushoto. Niliuza nafasi yangu kwenye kifua cha mume wangu kwa chuma chembamba, na mnunuzi nilikuwa mimi.

Binti yetu alikuwa na umri wa miaka sita. Alikuwa na mazoea ya kumrukia baba yake mlangoni na kumshika kiunoni. Siku moja alikuja mbio, akagonga paji la uso pale penye kile kitu, na baba yake akamfokea kwa sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia nyumbani. Mtoto aliganda. Nikamwambia baba anaumwa kiuno, upande huu wa kulia, asimguse hapo. Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo alikuja taratibu, akazunguka upande wa kushoto, akaegemeza shavu kwa sekunde moja, akaondoka. Jioni alipiga magoti kando ya kitanda chake na kuomba kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu bila kukisema, kwamba Mungu amponye baba kiuno. Baba yake alikuwa akisikiliza kutoka koridoni. Hakuingia.

Kile kibali kilikuwa cha Virginia. Ukivuka mto kuingia Washington au Maryland ukiwa na bastola, ni jela, na kuvuka bila hiyo hakuweza. Akaanza kukataa abiria wa ng'ambo, na hao ndio wengi. Halafu tukaacha kwenda kwenye maombi ya Jumapili jioni Langley Park, kule Maryland, ambako Wakenya na Watanzania tulikutana katika sebule ya mtu mmoja, viatu vimejaa mlangoni, chai ya maziwa inachemka. Nilibuni visingizio mpaka vikaniishia. Watu wa maombi, kwa wema wao, wakasema basi, kama nyinyi hamji, tutakuja sisi.

Wakaja. Sebule yetu ndogo ikajaa. Tuliimba, tukasoma neno, na kiongozi, mzee mmoja Mtanzania mwenye sauti ya upole, akauliza kama kuna mwenye haja ya kuombewa. Binti yetu akanyoosha mkono kama yuko shuleni. Akasema kiuno cha baba yake kinauma, kinauma sana, hata haruhusiwi kumkumbatia.

"Jamani," akasema mama mmoja, "mtoto mwenyewe ndiye ametuonyesha."

"Shemeji, njoo hapa katikati," mwingine akaitikia, Mkenya mwenzangu. "Usione haya. Tutakuwekea mikono hapo hapo penye uchungu."

Wakainuka. Kwetu mgonjwa haombewi kwa mbali. Mkono huwekwa penye maradhi. Niliiona mikono ile ikimwelekea, mikono ya kuosha wazee na kufagia ofisi za watu, na nikamwona mume wangu akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshashuka kiunoni, chini ya shati.

"Tafadhali," akasema. "Msinishike. Tafadhali."

Mzee akadhani ni haya, akatabasamu, akazidi kusogea. Ndipo nikasimama katikati yao na kusema kwa ukali nisiokusudia, "Mzee, mwache!" Mume wangu akapita pembeni, akajifungia bafuni. Wakaomba sala fupi ya kufunga, wakanywa chai kwa adabu, wakavaa viatu. Baadaye nilisikia wanasema amerudi nyuma kiimani, wengine kwamba ana pepo asiyetaka kuguswa. Hawakurudi. Siwalaumu, nisingerudi mimi pia.

Mwisho wa yote ulikuja mchana kweupe, mbele ya hoteli. Abiria, mzee wa kizungu mwenye koti, alifikishwa alikokuwa akienda. Akaingiza mkono ndani ya koti, kwenye mfuko wa kifuani. Mume wangu akaiona ile ishara kwenye kioo, na kabla hajafikiri alikuwa amegeuka, bastola mkononi, mdomo wa mtutu ukimwelekea yule mzee usoni. Mzee alikuwa ameshika pochi. Hakupiga kelele. Aliiweka pochi kwenye kiti taratibu, akainua mikono yote miwili.

Mume wangu alinisimulia hayo akiwa ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, mahali pekee ambapo mlango ulikuwa na kufuli. Alisema alimwomba mzee radhi, akamrudishia pochi, akamfungulia mlango. Alisema yule mzee alimtazama vilevile yeye alivyomtazama yule kijana aliyemwibia. Polisi hawakuja, sijui kwa nini.

"Nitaua mtu, mama," akasema. "Si kwamba nitauawa. Nitaua."

Nilitaka kumshika, lakini alikuwa ameivaa, nami nilikuwa nimesimama upande wa kulia.

Aliamua kurudi nyumbani Kenya. Alisema ni kwa miezi michache, atulize kichwa, alime kidogo, kisha aje. Mimi sikuweza kwenda. Nilikuwa nimeanza masomo ya uuguzi, na mtoto yuko shule, na mshahara wangu ndio uliotulisha sote, huku na kule. Nilimwambia nitamngoja. Nilijua tayari kwamba nasema tu. Ile bastola aliirudisha kwenye duka lile lile, akaenda peke yake. Sikumuuliza kama muuzaji alimkumbuka.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Aliweka mizigo, akashika pasi yake, akatugeukia. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi. Alinivuta mbele ya watu wote, mikono miwili, kifua kwa kifua, akanishikilia. Mkono wangu ukashuka wenyewe hadi kiunoni mwake, upande ule. Hapakuwa na kitu isipokuwa mshipi na mfupa, amekonda. Nilikuwa nimelisubiri kumbatio hilo muda mrefu sana, na lilipokuja nikajua ni la kuagana. Nililia hadi shati lake likalowa begani, naye hakunisogeza.

Binti yetu alizunguka, kama alivyofunzwa, akasimama kushoto kwa baba yake. Baba akachutama, akamshika mabega, akamleta mbele yake, akauweka mkono wake mdogo pale pale palipokuwa pamekatazwa. Mtoto akabonyeza kidogo kwa kidole, akimtazama usoni aone kama anaumia.

"Umepona?" akauliza, kwa Kiswahili. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Labda kwenye yale maombi.

"Nimepona," baba yake akasema.

Akasimama, na mtoto akamkumbatia kwa nguvu zake zote, kichwa kikiwa kiunoni, kama zamani. Kisha wakaita safari yake, baba akaenda, na hakugeuka nyuma. Tulikaa garini kwenye maegesho kwa kitambo kwa sababu sikuweza kuendesha. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Tulipofika barabarani aliniuliza, kama baba amepona, kwa nini anaondoka. Nikawasha kipanguzi cha kioo, ingawa hakukuwa na mvua.