Gharama ya Gia Tatu

Kati ya Misima na Korogwe palikuwa na kilima ambacho nilikichukia kabla sijajifunza kuchukia watu. Chini kilikuwa mchanga, katikati mawe, na karibu na kilele njia ilisimama kama ukuta. Nilikuwa mwalimu Korogwe miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, nimetoka chuo kikuu Uganda juzijuzi. Kila Jumamosi nilikwenda Misima kumtazama mama, na kila Jumapili nikirudi nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota hadi juu. Niliamini kwamba mtu aliyesoma kiasi changu hapaswi kukokota kitu.

Upande wa Misima, chini ya kilima, wabeba mahindi walikuwa na utaratibu wao. Aliyefika na gunia hakupanda peke yake. Alikaa akamsubiri mwenzake. Mmoja alishika usukani, mwingine alisukuma kwa nyuma, wakifika juu wote wawili walirudi kuichukua baiskeli iliyobaki. Hata asiye na mzigo alisukuma, naye akasukumwa siku yake ikifika. Hakuna aliyeandika popote, na hakuna aliyesahau. Mimi pia nilisukuma, kwa kununa, huku vumbi la magunia likinijaa puani.

Jumapili moja Mwingereza kijana wa bomani alitupita hapo kwa baiskeli nyembamba yenye gia, amekaa kitini, miguu inazunguka polepole kama anasaga unga. Gari lake lilimfuata likiwa limembebea chakula cha mchana. Alitusalimu bila kuhema. Barabara ile ililimwa na kusawazishwa na baba zetu kwa amri ya boma lake, na hakuna aliyewahi kufikiria kukipunguza kilima. Nilikasirika wiki nzima. Kisha, kama wasomi wengi wanavyofanya na hasira zao, niliigeuza kuwa hamu ya kununua kitu alichokuwa nacho yeye.

Nilichora safu mbili kwenye daftari, faida na hasara, kama tulivyofundishwa. Safu ya faida ilijaa hadi chini: nguvu, muda, afya, heshima. Kwenye safu ya hasara niliandika neno moja, bei, kisha nikajijibu kwamba mshahara ni wangu.

Mwenye duka la baiskeli pale Korogwe, mzee wa Kihindi aliyekuwa na grisi ya mnyororo hadi kwenye ndevu, hakutaka kuniuzia. Alilizungusha gurudumu langu la zamani, akalisikiliza. “Mwalimu, hii nzima. Unataka kutibu ugonjwa gani?” Nikamwambia kilima. Akatoa gurudumu la nyuma lenye gia tatu zilizofichwa tumboni mwake, spoki nyembamba, linang’aa. Akasema nikiwa peke yangu nitapanda vizuri, ila nikipakia mtu, yeye hajui. Nilimwona mfanyabiashara wa ajabu, asiyejua kuuza. Nilinunua.

Na kweli nilipanda. Miezi kadhaa nilipanda kila Jumapili nimekaa kitini, na nilipowafikia wale waliokaa chini nilipiga kengele ili wasiingie njiani. Sikusimama tena. Sikuwa na sababu ya kusimama.

Kisha mama akapata kidonda mguuni kilichokataa majani yote ya Misima. Hospitali ya Korogwe walisema sindano kila Jumatatu, na daktari alipokea wagonjwa hadi saa nane mchana. Nikaomba ruhusa kazini, nikampakia mama alfajiri, nikamwambia kwa fahari kwamba safari hii hatashuka hata mara moja.

Alishuka kwenye mchanga. Uzito wa watu wawili ulipoilemea, gia ndogo iliteleza, pedali zikazunguka bure, na baiskeli ikalala ubavu. Mama aliruka kwa mguu mzima. Tulirudi chini tulikowapita wanaume watatu wamekaa na magunia yao.

Wote walimwamkia mama. Mimi hakuna aliyenisalimu. Nikawaomba wanisukumie.

Mkubwa wao, ambaye zamani nilikuwa nimemsukumia mara nyingi, aliwageukia wenzake. “Mwalimu ana gia.”

“Labda hajaikanyaga ile ya wasomi,” akasema mwingine, wakacheka.

Nikawaambia mama ni mgonjwa na daktari hatatusubiri. Nikawaambia maneno mengine kuhusu utu na ustaarabu, marefu, yenye viunganishi vingi. Yule mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kufungua kamba za gunia lake.

“Mama tutampeleka,” alisema. “Mama hajatupigia kengele.”

Akaliweka gunia chini, akatandika shuka lake kwenye karia ya chuma ya baiskeli yake, akampandisha mama. Wenzake wawili wakasukuma. Nilipotaka kufuata, mama aligeuza shingo. “Wewe baki na gunia, mwanangu. Mahindi ya watu yasiliwe na mbuzi.”

Nikabaki. Shahada yangu na mimi tulilinda mahindi. Wale wawili waliporudi walisema mwenye gunia amekwenda na mama moja kwa moja Korogwe, kwa hiyo gunia lake litakwenda na mimi. Wakalipakia kwenye baiskeli yangu, wakanisukumia hadi juu bila kuombwa, kwa sababu sasa nilibeba mzigo wa mwenzao. Nilitaka kuwatukana na nilikosa nafasi ya kuanzia. Kwenye mteremko spoki tatu zilikatika, rimu ikapinda, na sehemu kubwa ya njia nilikwenda kwa miguu.

Nilifika hospitalini saa kumi. Mama alikuwa amechomwa sindano zamani, amekaa kivulini na yule mtu wanamenya machungwa. Yule mtu alikagua gunia kabla ya kunitazama usoni, akasema nimefunga vibaya.

Nikamwambia mama kwamba Jumatatu ijayo nitakuwa nimetengeneza gurudumu. Alimeza kipande cha chungwa kwanza. “Nimeshapatana na huyu ndugu yako,” alisema. “Atanipitia alfajiri.”

Nikasema mimi ndiye mwanawe. Akasema hilo hakuna aliyelibisha.

Kidonda kilifunga baada ya Jumatatu sita, na zote alipelekwa na mtu yule. Hasira niliyokuwa nayo ingetosha kukisawazisha kile kilima. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mwingereza, nikamkasirikia hata mzee wa dukani kwa kuwa alinionya. Kila Jumatatu iliyofuata nilitoka nyumbani kwangu, nyuma ya hospitali, nikafika wa kwanza, nikakaa kwenye benchi nikawasubiri.