Muhuri Namba Saba

Kiwandani walimwita Bi Kataa, na mwanzoni jina hilo lilikuwa sifa. Alikaa mwisho wa ukumbi, karibu na dirisha, na kila sanduku la zipu lilipita kwake kabla ya kuondoka. Alichomoa zipu moja, akaifungua na kuifunga mara hamsini, sikio limeinama. Jino lililolegea lina mlio wake. Akiusikia tu, sanduku zima lilirudi kwa mafundi wa mitambo, nao walinung'unika lakini walitengeneza.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo. Serikali ilikuwa imepandisha ushuru wa zipu za nje mpaka wafanyabiashara wakaacha kuziagiza, ili kiwanda hicho, cha kwanza nchini, kipate nafasi ya kukua. Kilipewa miaka mitano. Kwa miaka miwili ya kwanza zipu zilizidi kuwa nzuri. Kisha meneja akagundua kwamba hata zikiwa mbaya zitanunuliwa, maana hakuna nyingine. Kalibu, chuma kinachoyapa meno ya zipu umbo, ilipochakaa, hakuagiza mpya. Alikuja mezani kwa Bi Kataa akasema kwa upole, "Mama, katika masanduku mia usirudishe zaidi ya matano."

"Na la sita likiwa bovu?"

"La sita ni zima."

Tangu siku hiyo aligonga muhuri wake, namba saba, juu ya vitu ambavyo masikio yake yalivikataa.

Nyumbani aliishi na watoto wake wawili na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyeshona magauni katika chumba cha mbele. Jioni moja wifi aliweka sanduku tupu mezani, upande wenye muhuri ukiwa juu.

"Mwalimu amerudisha lile gauni la kijani. Zipu imeachia mgongoni akiandika ubaoni, darasa zima linamtazama. Amelia hapa kwangu, wifi. Namba saba ni nani?"

"Unajua ni nani."

"Najua. Nilitaka nisikie kwako."

Bi Kataa akamweleza habari ya masanduku matano. Wifi alisikiliza huku anafumua uzi.

"Acha kazi, basi."

"Niende wapi? Mji mzima una kiwanda kimoja. Na atakayekaa pale baada yangu hatajua hata mlio wa jino."

"Basi sema."

"Nikisema, serikali itauondoa ushuru. Zipu za nje zitaingia, na sisi watu mia mbili na arobaini tutakuwa barabarani."

"Hicho kiwanda chenu ni mtoto gani," wifi akasema, "miaka mitano bado ananyonya, na meno anayo?"

Wakacheka wote wawili.

Mwezi uliofuata wizara ilituma watu kuamua kama ushuru uendelee. Asubuhi hiyo meneja alimnong'oneza Bi Kataa, "Wakikuuliza, usiseme nzuri, usiseme mbaya. Sema tunakua."

Aliyemuuliza alikuwa mwanamke wa makamo mwenye daftari. "Ushuru ukiondoka kesho, hizi zitauzika?"

Bi Kataa alimwona meneja nyuma ya bega la yule mama. Aliwaona wasichana wa kufungasha wameacha kufungasha. Akasema, "Hazitauzika. Kati ya masanduku mia ningerudisha thelathini, naruhusiwa matano. Lakini tunajua kutengeneza nzuri, tulishazitengeneza. Uacheni ushuru, ila kipeni kiwanda sharti: kalibu mpya mwaka huu, vinginevyo ushuru ushuke."

Yule mama aliandika. Bi Kataa alirudi mezani kwake, akafungua na kufunga zipu mpaka jioni, akingoja kuitwa ofisini.

Aliitwa baada ya wiki tatu. Meneja alimkaribisha kiti, akampa ripoti ya wizara aisome. Mkaguzi wa kiwanda mwenyewe, iliandikwa, anakiri kwamba zipu haziwezi kushindana; kwa hiyo kiwanda bado kichanga na kinastahili miaka mitano mingine. Bi Kataa aligeuza karatasi, akatafuta sharti. Halikuwemo.

"Umetuokoa, mama," meneja alisema, na alimaanisha.

"Na kalibu?"

"Tutaona. Muda tunao."

Nyumbani alimsomea wifi yake nakala ya ripoti hiyo. "Angalau hukusema uongo," wifi alisema.

"Sikusema. Wameuchukua ukweli wangu wakaziba nao mlango."

Wiki hiyo wifi aliacha zipu, akaanza kuweka vifungo mgongoni mwa magauni. Wateja wengine walimkimbia, kwa sababu mwanamke anayeishi peke yake hawezi kujifunga vifungo vya mgongoni. Mwalimu alibaki. Alikuja kujaribu gauni lake siku Bi Kataa yuko nyumbani, akamgeuzia mgongo bila kujua kwamba ndiye mwenye muhuri. Bi Kataa akamfunga vifungo, kimoja kimoja, kumi na viwili.