Chumvi ya Sufuria ya Nélida

Kwa miaka arobaini na sita, hakuna mkono uliogusa sufuria ya Jumapili ya Nélida Bertolotti ila wake mwenyewe. Tambi alizisukuma, akazikata, akazianika kwenye mpini wa ufagio. Mchuzi wa nyanya aliubandika jikoni kabla jirani yeyote pale mjini Rosario hajafungua dirisha. Basi machale yalipomcheza kwamba kuna mtu anaichokonoa sufuria yake, amani ilimtoka.

Dalili alikuwa nazo. Zamani, akizima moto tu, mumewe Osvaldo na mwanawe Rubén waligombania kuchovya mkate sufuriani. Siku hizi hawachovyi. Wanangoja mpaka aende chumbani kuvua aproni na kuchana nywele. Na kila akirudi, anamkuta mkwewe Mirta kando ya jiko, mikono nyuma.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Kijiko, mama."

"Vijiko viko mezani tangu asubuhi."

"Kumbe. Macho yangu haya."

Kikulacho ki nguoni mwako, Nélida akajisemea. Huyu anaitaka sufuria. Leo atatia jani, kesho pilipili, keshokutwa watu watauita mchuzi wa Mirta, na mimi nipewe kiti pembeni nimenye vitunguu. Aliumia kweli, maana nyumba ile ilikuwa na jina la mume, na sufuria tu ndiyo ilikuwa na jina lake. Hata nyanya zilikuwa zimemgeuka. Mwaka mzima alikuwa akigombana na muuza mboga kwamba nyanya zake hazina ladha.

Jumapili iliyofuata alitega. Makopo yote ya viungo, na la chumvi pia, aliyafungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Akiwa chumbani alisikia kabati likivutwa, likavutwa tena. Akachana nywele zake polepole, ameridhika. Mwizi keshapatikana.

Mezani Mirta alikula ameinamisha kichwa. Rubén alisukumia tambi kwa glasi tatu za soda. Osvaldo, ambaye tangu harusi yao sifa yake kwa chakula chochote ilikuwa neno moja, "Kinalika," alifuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa.

"Mama Rubén, leo umepika. Mchuzi mtamu ajabu. Niongeze."

Nélida akaweka uma chini. Mume hakuwahi kumsifu, hata siku ya ubatizo wa Rubén. Anamsifia nini leo? Akachota mchuzi mtupu kwa kijiko, akauweka ulimini, akangoja. Alisikia joto lake tu, ladha hakuna. Akajaribu kukumbuka ni lini alitia chumvi asubuhi ile, asikumbuke.

Hofu ikampanda. "Mirta, huwa unatia kiasi gani?"

Mirta akamtazama Rubén, kisha akamtazama yeye. "Vijiko viwili, mama. Tangu Pasaka."

"Na wote mnajua."

Nélida akautoa ufunguo kifuani, akauweka kando ya sahani ya mkwewe.

"Jumapili ijayo usijifiche. Mimi nitakoroga, wewe utaonja."

"Sawa, mama."

Osvaldo alikuwa bado ameishika sahani yake tupu. Nélida akaivuta, akaijaza tambi na mchuzi mpaka ukingoni, akamrudishia.

"Na wewe, mzee mwongo, hii utaimaliza."

Akaimaliza yote.